Mapishi ya Siku Zote na ya Sikukuu

Mwezi huu twataka kunena habari za jikoni. Labda mtu atauliza, Mwalimu wa dini ana shauri gani na vyungu? Twajibu kwamba mwalimu naye hula. Tena yeye aingiaye katika nyumba za watu kila juma huona yaliyomo sahanini kabla hajafungua kitabu chake.

Nchi yetu ya Kilolo ina chakula. Huko juu, pande za Dabaga na Bomalang'ombe, penye baridi na ukungu, hustawi mahindi, maharagwe, njegere na viazi ulaya. Ilula hutoa nyanya hata zikashuka kwa magari mpaka Dar es Salaam, na Ruaha Mbuyuni, kwenye joto, hutoa vitunguu. Walakini uchunguzi wa afya wa nchi nzima uliofanywa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika Mkoa wa Iringa, kati ya watoto 100 wasiotimiza miaka mitano, wapatao 57 wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko iupasavyo umri wao. Kwa Tanzania Bara na Zanzibar pamoja, hesabu ni 30 katika 100. Mwaka ule hapakuwa na mkoa uliotupita. Mtoto aliyedumaa si lazima awe amelala na njaa. Huenda ameshiba ugali kila siku ya maisha yake. Sababu ni nyingi, magonjwa yamo, na kazi nzito za mama zimo. Lakini sababu moja imo ghalani mwetu na jikoni mwetu, na hiyo ndiyo tunayoweza kuishika leo.

Na tuungame la kwetu wenyewe. Mwaka mmoja Krismasi ilikuwa karibu, nasi tuliona haya kuwakaribisha wageni kwa chakula cha shamba. Tukauza debe letu la mwisho la maharagwe pamoja na mayai ya majuma matatu, tukanunua mchele, soda na biskuti za dukani. Sikukuu ilipendeza; majirani walitusifu. Ilipofika Februari, mvua ikinyesha na mahindi yakiwa bado ya kijani shambani, watoto wetu walikula ugali kwa majani yaliyochemshwa na chumvi, jioni hata jioni. Mama watoto hakutulaumu kwa neno. Alilifunua debe tupu tu, akalifunika tena. Tangu siku ile twaipika sikukuu kwa vitu vya nyumbani, na ya dukani twanunua machache.

Basi tuanze na chakula cha siku zote, nacho ni kande. Chukua vikombe viwili vya mahindi yaliyokobolewa na vikombe viwili vya maharagwe, uviloweke usiku kucha katika maji mengi. Asubuhi mwaga maji yale, tia mapya, injika motoni. Wengi wetu hukosa hapa: hutia chumvi na maji, wakaacha hivyo. Kaanga kitunguu kimoja katika mafuta kidogo, tia nyanya tatu zilizokatwa, zikilainika tia kikombe kimoja cha karanga zilizopondwa, kisha mimina vyote katika chungu cha kande iliyokwisha kuiva, ukoroge kwa moto mdogo kwa robo saa. Chumvi iwe ya mwisho. Mtoto mdogo apondewe zake kwa mwiko. Ukiwa na njegere mbichi, zafaa mahali pa nusu ya maharagwe, tena huiva upesi, na kuni zetu si nyingi siku hizi.

Majani ya maboga nayo yasichemshwe mpaka yageuke rangi. Yamenye nyuzi zake, yakate, yatie katika maji machache yachemkayo, funika kwa dakika kumi. Kisha tia karanga zilizopondwa na nyanya. Anayefuga kuku avunje yai moja ndani yake mwishoni na kukoroga. Tulipokuwa watoto tulikatazwa mayai, tukaambiwa huleta hili na lile. Wazee wetu walitufundisha mengi mema, lakini hilo twaweza kuliacha bila kuvunja heshima yao.

Sasa tuje kwenye kimea, maana hapa pana hekima ambayo bibi zetu walikuwa nayo, nasi tumeiachia wapika pombe. Ulezi huoshwa na kulowekwa mchana na usiku, huchujwa, kisha hutandazwa katika ungo na kufunikwa kwa kitambaa chenye maji kwa siku mbili au tatu, hata uote. Kwetu kwenye baridi ungo uwekwe karibu na meko, la sivyo utangoja juma zima. Ukishaota, uanikwe juani ukauke kabisa, usagwe. Punje zilizoota ukungu zitupwe. Wala asiwape kuku.

Kazi ya kimea ni hii. Mtoto mdogo ana tumbo dogo. Ukimpikia uji mwepesi, hujaza tumbo kwa maji. Ukimpikia mzito, hawezi kuumeza. Pika basi uji mzito, uepue, ungoje upoe hata kidole kistahimili, tia kijiko kimoja cha unga wa kimea katika bakuli, ukoroge. Kwa dakika chache uji hulegea wenyewe pasipo kuongezwa maji, kwa sababu kimea huvunja wanga wa mahindi. Urudishe motoni uchemke tena kidogo, tia karanga zilizosagwa laini, ndipo umpe mtoto aliyetimiza miezi sita. Jambo hili halikuzuliwa na sisi. Mwaka 1983 Serikali pamoja na WHO na UNICEF walianza mpango wa lishe katika mkoa wetu wa Iringa, vijiji 168 mwanzoni. Watoto walipimwa uzito kijijini mbele ya wazazi wao, na wazazi walishauriwa kuwalisha mara nyingi kwa siku. Wazee wengine wangali wanaikumbuka mizani ile iliyotundikwa mtini.

Kimea kile kile hufanya togwa, kinywaji cha sikukuu kisichomlevya mtu. Katika lita tano za maji pika uji wa vikombe vinne vya unga wa mahindi, uchemke vizuri. Upoe hata uwe vuguvugu, tia kikombe kimoja cha unga wa kimea, koroga, funika. Baada ya saa chache utakuwa mwepesi na mtamu pasipo sukari. Chuja, unywe siku ile ile au kesho yake ukianza kuchachuka kidogo. Siku ya tatu usiupeleke mezani kwa watoto, kwa maana unaelekea njia nyingine. Twasema hivi kwa kuwa Krismasi huja pamoja na mvua, na mvua huja na ulanzi, na nyumba yenye mtungi wa togwa hupata la kumpa mgeni pasipo kuona haya.

Mwisho, mkate wa sufuria. Changanya vikombe vitatu vya unga wa ngano na kimoja cha unga laini wa mahindi, nusu kikombe cha sukari, vijiko viwili vya chai vya hamira na chumvi kidogo. Piga mayai mawili, yatie pamoja na kikombe kimoja na robo cha maziwa ya vuguvugu na vijiko vitatu vya mafuta. Kanda hata unga usishike mkono. Ufunike, uuweke kando ya meko mpaka uumuke mara mbili. Pwani yatosha saa moja, kwetu huenda zikapita mbili, usiuharakishe. Paka sufuria mafuta, utie unga, ungoje tena nusu saa. Ndipo uweke sufuria juu ya makaa machache, na juu ya kifuniko utie makaa mengi. Watu huyageuza makaa haya, mkate ukaungua chini na kubaki mbichi juu. Nasi tulifanya hivyo mara mbili. Baada ya dakika arobaini choma kwa kijiti. Kikitoka kikavu, umeiva. Ukibaki, siku ya tatu ukatwe vipande na kubanikwa juu ya makaa, uliwe kwa chai asubuhi.