Miezi 180 ya Kibarua wa Msimu



Nhica do Rovuma ni kijiji cha wilaya ya Palma, Msumbiji, jirani na mto ambao ng'ambo yake ni Mtwara. Enzi za Mreno vijana wengi wa upande ule walivuka kuikimbia kazi ya shokoa, wakawa manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika, tangu Lindi hata Tanga. Huko walipewa kipande. Kipande kilihesabu siku 30 za kazi, zikitimia, mshahara. Uzee haukuwa na mahali pa kuandikwa. Aliyeishiwa nguvu za kubeba matita alirudi kwao kulima muhogo.

Mwaka 1964 Tanzania iliunda Mfuko wa Akiba ya Wafanyakazi, NPF. Ilikuwa hatua kubwa, hatukatai, lakini mfuko ule ulilipa mkupuo mmoja basi. Juni 1986 dola iliyokuwa shilingi 17 ikawa shilingi 40, na akiba ya miaka 20 ikanywea kabla mwenyewe hajaishika. Sheria ya mwaka 1997 ndiyo iliyoleta NSSF na pensheni ya kila mwezi.

Sasa tusikilizane vizuri. Pensheni hiyo inadai michango ya miezi 180. Wengi wetu husema "miaka 15", na kosa linaanzia hapo. Miaka 15 ni ya mwenye ajira ya kudumu. Mbangua korosho au kibarua wa shamba anayepata kazi miezi sita kwa mwaka huitimiza miezi 180 baada ya miaka 30! Akianza na umri wa miaka 35 ataitimiza akiwa na 65, na umri wa kustaafu ni 60. Siku hiyo ana miezi 150, anapewa mkupuo kama babu yake wa NPF. Basi anarudi kuomba kibarua, na wakubwa wanasema wazee hawa wanapenda kazi. Nani apendaye kukata mkonge akiwa na miaka 62?

Ndiyo maana madai ya mikataba ya kudumu ni madai ya pensheni vilevile.

Msumbiji nayo ina mfuko wake, INSS, tangu mwaka 1989. Mchango ni asilimia 7 ya mshahara: 4 za mwajiri, 3 za mfanyakazi. Mwanamume hustaafu akiwa na miaka 60, mwanamke 55. Huko nako huhesabiwa michango iliyofika, siyo jasho lililotoka.

Wenzetu waliokimbia Palma iliposhambuliwa Machi 2021 wengi waliondoka na nguo walizovaa. Namba ya uanachama, kwa hiyo, ikae pia kwa mke, mume au mtoto aliye mbali. Tena kila baada ya miezi michache omba taarifa ya michango, uilinganishe na hati zako za mshahara. Makato yakionekana kwenye hati na yasionekane kwenye taarifa, lete zote mbili tawini mwezi huohuo, usingoje mwajiri afunge kiwanda.