Mhimili Usiotajwa: Kuimarisha Hoja kwa Kubaini Dhana Fiche

Hoja huwa na sehemu mbili zinazosikika na moja isiyosikika. Zinazosikika ni ithibati na hitimisho. Isiyosikika ni dhana fiche, yaani jambo ambalo msemaji amelichukulia kuwa kweli bila kulitamka, na ambalo ndilo linalomruhusu kuvuka kutoka kwenye ithibati hadi kwenye hitimisho. Aristotle aliligusia suala hili katika mafunzo yake ya balagha, naye Stephen Toulmin, katika kitabu chake cha mwaka 1958 kuhusu matumizi ya hoja, akakipa kibali hicho cha kuvukia nafasi yake mahususi katika muundo wa hoja. Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi dhana fiche inavyobainishwa na jinsi kuibainisha kunavyoimarisha hoja, kwa kuanzia na mitihani ya uchanganuzi wa hoja, kisha kugeukia mjadala unaofahamika vyema na wanafunzi wa ushairi wa Kiswahili.

Mitihani inayolengwa hapa ni kama vile LSAT, unaotumiwa tangu mwaka 1948 kuwateua wanaotaka kusomea sheria Marekani, na GMAT wa wanaotaka kusomea usimamizi wa biashara. Katika LSAT uzito wa uchanganuzi wa hoja umeongezeka: tangu Agosti 2024, sehemu mbili kati ya tatu zinazotuzwa alama ni za aina hiyo. Mtahiniwa husoma kifungu kifupi chenye hoja, kisha huulizwa ni kauli ipi kati ya zilizotolewa ambayo, ikiwa kweli, itaiimarisha hoja hiyo zaidi. Maneno ‘ikiwa kweli’ yana uzito wake. Mtahiniwa haombwi kuchunguza kama kauli zenyewe zina ukweli. Anaombwa apime zinaifanyia hoja kazi gani.

Uchukuliwe mfano wa kubuni. Shule fulani ilianzisha chama cha Kiswahili mwezi Januari. Kufikia Novemba, wastani wa alama za somo hilo ulikuwa umepanda. Kwa hiyo, chama ndicho kilichoinua alama. Mtahiniwa anapewa kauli tatu: kwamba wanachama wanakipenda chama chao, kwamba alama zilipanda kwa kiasi kikubwa mno, na kwamba walimu, vitabu na kiwango cha mtihani vilikuwa vilevile vya mwaka uliotangulia. Kauli ya kwanza haihusiani na hitimisho. Ya pili inavutia, ila inakariri tu ithibati iliyokwisha kutolewa. Ya tatu haikitaji chama hata mara moja, na ndiyo maana wengi huipita. Hata hivyo, ndiyo jibu. Hoja imeegemea dhana kwamba hakuna kisababishi kingine kilichoingia kati, na kauli hiyo inavifungia njia baadhi ya visababishi hivyo. Haithibitishi hitimisho. Inalisogeza tu karibu na kukubalika, na mtihani hautaki zaidi ya hapo.

Dhana ambayo hoja haiwezi kusimama bila yake hubainishwa kwa jaribio la ukanushi: dhana inayoshukiwa hukanushwa, kisha hoja hutazamwa kama ingali imesimama. Ikiporomoka, huo ndio mhimili wake. Hapa mwanafunzi wa Kiswahili anapaswa kuwa macho, maana ukanushi wa kisarufi si lazima uwe ukanushi wa kimantiki. Kinyume cha ‘Wanafunzi wote walifaulu’ si ‘Wanafunzi wote hawakufaulu’, kauli ambayo aghalabu hueleweka kuwa hakuna hata mmoja aliyefaulu. Kinyume chake ni ‘Si wanafunzi wote waliofaulu’, na mmoja tu aliyeanguka anatosha kuitimiza. Anayekanusha kupita kiasi huangusha hata hoja nzuri, akadhani amegundua kasoro.

Jaribio hili lina manufaa makubwa nje ya chumba cha mtihani. Sheikh Kaluta Amri Abedi, katika kitabu chake kuhusu sheria za kutunga mashairi (1954), aliuhusisha ushairi na kuimbika. Kutokana na msimamo wa aina hiyo, wanamapokeo walijenga hoja inayoweza kufupishwa hivi: shairi sharti liimbike, kwa hiyo sharti lifuate vina na mizani. Mashairi huru yaliposhika kasi, hususan baada ya Kichomi cha Euphrase Kezilahabi (1974), watetezi wa mapokeo aghalabu waliongeza mifano: tenzi hizi, diwani zile, malenga wale. Lakini mifano hiyo, hata ikifika mia, inaonyesha tu kwamba vyenye vina na mizani huimbika. Dhana fiche ni kwamba visivyo na vina na mizani haviimbiki, na dhana hiyo inakanushika kwa urahisi. Nyimbo nyingi za ngoma na za kazi katika jamii za Afrika Mashariki zina mishororo isiyolingana na hazina vina vya kudumu, na huimbwa.

Je, hoja hiyo haina namna ya kuokolewa? Inayo. Mwanamapokeo anaweza kudai kwamba utungo wenye mamia ya beti zinazoimbwa kwa mahadhi mamoja unahitaji mizani linganifu, ili kila ubeti ukae katika mahadhi yaleyale bila kuvuta wala kumeza silabi. Utenzi wa mizani nane ni ushahidi mzuri wa jambo hilo. Hapo hoja imepata mhimili imara, ingawa hitimisho limepungua: sasa linahusu bahari fulani za ushairi, si ushairi wote, nacho kina bado kinahitaji hoja yake chenyewe.

Upande wa pili nao haukusalimika. Ilisikika hoja kwamba vina na mizani vilitokana na athari ya Kiarabu, kwa hiyo si sehemu ya lazima ya ushairi wa Kiswahili. Hata ithibati hiyo ikikubaliwa, na yenyewe ina wapinzani, hoja imeegemea dhana kwamba kilichoazimwa hakiwezi kuwa cha lazima kwa aliyeazima. Neno ‘kitabu’ liliazimwa, na hakuna Mswahili anayejihisi mgeni analitamkapo. M. M. Mulokozi na K. K. Kahigi, katika Kunga za Ushairi na Diwani Yetu (1979), walifuata njia yenye mashiko zaidi kwa kuuliza kwanza ni nini kinachoufanya ushairi kuwa ushairi, badala ya kuuliza vina vilitoka wapi.

Tofauti moja kati ya mtihani na tasnifu haina budi kuzingatiwa. Katika mtihani, hitimisho limeandikwa na halibadilishwi. Mtahiniwa hutafuta tu kauli ya kulitegemeza. Mwandishi wa tasnifu ana uhuru zaidi. Akishabaini dhana yake fiche anaweza kuitafutia ushahidi, au akaikosea ushahidi na kulipunguza hitimisho likae pale ushahidi unapofika.