Kwa Nini Nepi ya Mtoto Mgonjwa Hupimwa

Mtoto mchanga wa hapa Kapsoya akizidiwa, huenda akapelekwa Hospitali ya Rufaa ya Moi, kwenye jengo la Riley la mama na mtoto lililofunguliwa mwaka 2009. Mtoto akilazwa, maji yake hupimwa na kuandikwa. Wengine hunung'unika: mbona mtoto ananyimwa maji? Hebu tueleze.

Kama robo tatu ya mwili wa mtoto mchanga ni maji, na figo zake bado ni changa. Maji yakipungua, damu haizunguki vizuri. Yakizidi, mwili huvimba na mapafu hulemewa. Kwa kawaida siku ya kwanza hupewa mililita 60 kwa kila kilo, kisha huongezwa polepole kila siku. Mtoto wa kilo 3 basi hupata mililita 180 kwa saa 24. Hiyo haijazi hata glasi moja!

Kinachotoka nacho hupimwa. Nepi hupimwa ikiwa kavu, halafu ikiwa na mkojo. Gramu 1 iliyoongezeka ni kama mililita 1. Mtoto mwenyewe hupimwa uzito kila siku. Kupungua kidogo siku za kwanza ni kawaida, lakini kupanda ghafla huonyesha maji yanabaki mwilini.

Kwa hivyo, akina mama na akina nyanya, tusaidiane na sista:

1. Tusitupe nepi kabla hajaiona.
2. Tusimpe mtoto maji wala glukosi kwa siri.
3. Tusiguse dripu.
4. Akitapika, akiharisha, akivimba, au nepi ikikaa kavu, tuseme mara moja.

Vikundi visome haya mkutanoni, na akina baba wakiwepo.