Je, Wajua? Fomu ya PDF Haisahau Ulichofuta

Athumani, Athuman, Uthman, Othman. Pale Ujiji, mkoani Kigoma, mtu mmoja anaweza kuwa na majina yote manne: moja kwenye cheti cha kuzaliwa, jingine kwenye cheti cha shule, jingine kwenye kadi ya kliniki ya mwanawe. Majirani hawashangai, wanamjua. Kompyuta haimjui. Kwake herufi moja ikipungua, huyo ni mtu mwingine kabisa. Ndiyo maana kwenye maduka ya steshenari ya Mwanga na Kigoma mjini, wanakoshinda vijana wakiwajazia watu fomu za serikali, maneno kama haya husikika sana:

"Mwanangu, hapo umekosea. Jina la baba yake lina i mwishoni."

"Nimeshaseivu, mama."

Wengi wakijibiwa hivyo hunyamaza, wakidhani kilichohifadhiwa kimekwisha. Hakijaisha. Fomu ya PDF yenye visanduku vya kujazia ilitengenezwa ili ifunguliwe tena, isahihishwe, ihifadhiwe tena, hata mara kumi. Kinachoiua ni mambo mawili matatu yanayofanyika dukani kwa nia njema kabisa, na anayeyajua hujiokolea nauli, foleni ya siku nzima na safari ya pili kwa mtendaji wa mtaa.

PDF ni kazi ya kampuni ya Adobe ya Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 John Warnock, mmoja wa waanzilishi wake wawili, alitaka hati ionekane vilevile kwenye kompyuta yoyote na kwenye karatasi yoyote. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 1993, na wakati huo ulikuwa ukisoma tu, huandiki. Visanduku vya kujazia viliongezwa mwaka 1996. Mwaka 2008 PDF ikawa kiwango cha kimataifa, ISO 32000, na mtu yeyote anaweza kuunda programu ya kuisoma bila kuiomba Adobe ruhusa. Uhuru huo ndio uliotuletea programu nyingi kwenye simu zetu, na pia ndio chanzo cha baadhi ya vioja nitakavyovieleza.

Chukua fomu moja iliyojazwa, uifungue kwa Notepad badala ya programu ya PDF. Utaona vurugu ya alama, lakini ukitulia, na kama sehemu hiyo ya faili haijabanwa, utakutana na mstari wa namna hii:

/T (jina_la_baba) /V (Athuman)

Hicho ndicho kisanduku chenyewe. Alama ya kwanza inabeba jina la kisanduku, ya pili inabeba ulichokijaza. Visanduku viwili vikiwa na jina moja, vinashiriki jibu moja. Andika jina la mwombaji ukurasa wa kwanza, nalo litatokea lenyewe ukurasa wa nne. Lisahihishe mahali pamoja, nalo litasahihishika kote.

Kuna kitu cha tatu ambacho watu wengi hawakijui. Mbali na jibu lenyewe, kisanduku hutunza pia picha ya jibu hilo, yaani namna litakavyoonekana kwenye kioo na kwenye karatasi. Programu nzuri hubadilisha vyote viwili kwa pamoja. Programu mbovu, hasa baadhi ya zile za bure za simu, hubadilisha kimoja na kuacha kingine. Ndipo hutokea lile jambo linalowafanya watu wagombane dukani bure: kijana amesahihisha, kwenye kioo chake panasomeka Athumani, lakini karatasi inatoka na Athuman. Au fomu imejazwa yote, imetumwa ofisini, na ofisa akiifungua anaona visanduku vitupu. Kijana hajasema uongo, na ofisa naye hajasema uongo. Mmoja anaona jibu, mwingine anaona picha ya zamani ya jibu. Dawa yake ni kuifungua fomu hiyo kwenye programu nyingine ya kompyuta, kubofya ndani ya kila kisanduku kilichobadilishwa, kuandika upya neno zima na kuhifadhi.

Sasa tuje kwenye kuhifadhi. Ukibonyeza kitufe cha kuhifadhi, programu nyingi hazirudi katikati ya faili kufuta neno la zamani. Zinafanya kama karani wa duka mwenye daftari asiyefuta kitu: anakwenda mwisho kabisa wa daftari na kuandika kwamba jina lile la ukurasa wa tatu sasa ni hili. Msomaji wa PDF naye huanza kusoma mwishoni, akutane na marekebisho kabla ya kosa. Kila faili hufungwa kwa alama %%EOF, na fomu iliyohifadhiwa kwa mtindo huo mara tatu huwa na alama hizo kadhaa, moja chini ya nyingine. Athuman yupo bado mle ndani. Hasomwi tu.

Ujiji ina kisa cha kale cha maandishi yaliyosahihishwa huku ya kwanza yakibaki. Mwaka 1871 David Livingstone, mmisionari na mpelelezi wa Uingereza aliyeifanya Ujiji kituo chake, alikuwa Nyangwe, kando ya mto Lualaba, mashariki ya Kongo, akiwa ameishiwa karatasi na wino. Akaandika shajara yake kwa wino wa mmea wa huko, juu ya kurasa za gazeti la Uingereza, akikatiza mistari iliyochapwa. Tarehe 15 Julai mwaka huo alishuhudia mauaji ya watu sokoni Nyangwe. Miezi michache baadaye alirejea Ujiji, ambako mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alimkuta, na maandishi yale akaja kuyanakili upya kwenye kitabu kikubwa ambacho Stanley alikipeleka Uingereza mwaka 1872. Dunia ikasoma habari zilizokwisha kupitiwa na kurekebishwa na mwandishi mwenyewe. Kurasa za gazeti zilififia, zikakaa zaidi ya karne bila kusomeka, mpaka kundi la watafiti likiongozwa na Adrian Wisnicki lilipozipiga picha kwa mwanga wa aina mbalimbali, ukiwemo ule usioonekana kwa macho, na kuzitoa hadharani mwaka 2011. Leo matoleo mawili yanawekwa sambamba na tofauti zake zinaonekana.

Kwa fomu yako si lazima kuwa na mitambo kama ile. Anayejua kompyuta kidogo anaweza kulikata faili kwenye alama ya %%EOF iliyotangulia na kuirudisha fomu kama ilivyokuwa kabla ya marekebisho ya mwisho. Hilo linafaa ukiwa umeharibu kazi ya saa nzima. Linatia hofu ukiifikiria tabia iliyozoeleka ya kuchukua fomu ya mteja wa jana, kufuta majina yake na kuandika ya mteja wa leo juu yake, ili kuokoa muda. Namba ya simu ya yule wa jana, tarehe yake ya kuzaliwa na jina la mama yake vinaweza kusafiri ndani ya fomu ya mtu asiyemjua hadi ofisi asiyoijua. Naomba jambo hili likome. Kila mteja aanze na fomu mpya kutoka tovuti ya ofisi husika. Na anayetaka kulisafisha faili lililorekebishwa mara nyingi, alihifadhi kwa jina jipya kwenye Acrobat. Kwa kawaida hapo faili huandikwa upya zima, na masalia yake hayaingii.

Lakini basi, kama fomu husahihishika kirahisi hivi, mbona wale vijana husema haiwezekani? Mara nyingi ni kwa sababu imeshauawa. Badala ya kuhifadhi, mtu alikwenda kwenye kuprinti, akachagua kuprinti iwe PDF. Faili linalotoka linafanana kwa kila kitu na fomu ya mwanzo, ila visanduku vyote vimegeuka kuwa wino. Ile picha ya jibu imebaki, jibu lenyewe limekwenda. Kuskani karatasi na kuifanya PDF kunaleta matokeo yaleyale, au mabaya zaidi, kwani hapo hata maandishi ya fomu yamekuwa picha. Kipimo chake ni rahisi: bofya juu ya jina. Kishale kikianza kumemeta ndani ya kisanduku, au kisanduku kikiwa na rangi ya samawati hafifu kwenye programu ya Adobe, fomu ni hai. Kikikaa kimya, tafuta faili la mwanzo, na kama lilifutwa, utajaza upya.

Fomu nyingi za Tanzania ziko upande mwingine kabisa. Ombi la pasipoti la Idara ya Uhamiaji hujazwa kwenye tovuti, na PDF unayoipata mwishoni ni matokeo tu. Usajili wa kitambulisho cha taifa wa NIDA kwa mtandao uko hivyo, na ule wa biashara wa BRELA pia, ambako unaipakua PDF, unaisaini, unaiskani na kuipandisha tena. Hapo kuhangaika na PDF ni kazi bure, kwa sababu kosa limekaa kwenye mfumo. Rudi kwenye akaunti, sahihisha huko, toa PDF nyingine. Na uwahi. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Tarehe ikikosewa na namba ikatoka, kosa linakuwa sehemu ya namba yenyewe, na hapo hakuna kubofya kutakakosaidia.

Mkoa wa Kigoma una fomu nyingine ambazo mikoa mingi haizijui sana. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, imepokea Wakongo tangu mwaka 1996, na wakimbizi wengi wameshahamishiwa nchi za mbali, Marekani na Kanada zikiwemo. Ndugu waliobaki huandikiwa fomu za nchi hizo. Mkimbizi aliyefika Marekani na kumwacha mke au mtoto hutumia fomu I-730, na ana miaka 2 tu tangu kufika kwake. Humo tarehe huanza na mwezi, kwa hiyo aliyezaliwa tarehe 5 Novemba, akijiandika kwa mazoea ya kwetu, anakuwa amezaliwa tarehe 11 Mei. Nayo fomu IMM 0008 ya Kanada kwa miaka mingi imetumia mtindo mwingine wa PDF uitwao XFA, uliotokana na kampuni ya Kanada yenyewe, JetForm, ambayo Adobe iliinunua mwaka 2002. XFA haifunguki kwenye simu nyingi wala kwenye vivinjari vingi. Badala ya fomu unapata ujumbe wa Kiingereza unaokuambia usubiri. Ukisubiri mpaka bando liishe, haitatokea. Haina hitilafu, inadai tu programu ya Adobe kwenye kompyuta.

Ukimaliza kuijaza IMM 0008 ya mtindo huo unabonyeza kitufe cha kuhakiki, nayo inatengeneza ukurasa wenye misimbo ya mistari iliyobeba yote uliyoandika. Hapa ndipo kalamu inapodanganya. Mtu ameprinti, ameona Athuman, ameongeza i kwa mkono. Macho ya binadamu yataiona ile i, lakini mashine ikisoma misimbo itasoma jina la zamani. Njia ni kurudi kwenye faili, kusahihisha, kuhakiki tena ili misimbo mipya itengenezwe, kisha kuprinti kurasa zote upya, hata zile ambazo hazikuguswa.

Mhuri ukishagongwa na saini ikishawekwa, mambo yanabadilika. Kuliweka jina jipya kwenye PDF ya karatasi iliyogongwa mhuri, hata kama jina hilo ndilo la kweli, ni hatari kubwa, kwani kughushi ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Jaza upya, rudi kwa mtendaji, mweleze. Kama tofauti iko kwenye vyeti vyenyewe, kazi hiyo ni ya hati ya kiapo mbele ya wakili au hakimu, siyo ya kijana wa steshenari. Saini ya kidijitali nayo haidanganywi kirahisi: imefungwa na kila baiti ya faili ilivyokuwa dakika ile, na chochote kitakachoongezwa baada yake programu itakitaja.

Mwananchi hapaswi kuona haya kuomba asahihishiwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inampa mtu haki ya kutaka taarifa zake zilizokosewa zirekebishwe. Dukani haki hiyo inaanza na kuomba lile faili lenyewe likiwa hai. Litumwe kwenye WhatsApp yako kama waraka, siyo kama picha, nalo litafika na visanduku vyake vyote. Likishafunguka kwenye simu yako, mwombe kijana alifute kwenye kompyuta yake, kisha aingie kwenye pipa la taka alifute na huko.