KARATASI YA MAJINA
Kufasiria juu ya nini tunakumbuka tarehe 31 ya mwezi wa tano



Juma lililopita sisi makapita tulibandika karatasi kwenye mulango wa darasa kubwa. Juu yake tuliandika: "Wale tuliopoteza, Tchomia, 31-5-2003". Tuliomba kila mutu mwenye ndugu aliyekufa ile siku aandike jina lake. Mangaribi karatasi ilikuwa imejaa. Kesho yake asubuhi tulikuta mukono mungine umeandika chini kwa biki nyekundu: "Na bakwetu benye balikufaka kule ku milima, nani atabaandika?"

Kelele ikaanza. Wengine walitaka kumutafuta aliyeandika. Sisi tuliogopa, tukatoa karatasi. Tangu pale wadogo wanatuuliza: karatasi ilienda wapi, na ile tarehe ni ya nini? Inafaa tuwajibu.

1. Ile tarehe ni ya nini?

Vita ya Ituri ilianza mwaka 1999, hapa katika teritware yetu ya Djugu, juu ya ugomvi wa mashamba. Ugomvi wa namna ile wazee walizoea kuumaliza. Lakini safari ile moto ulipata mafuta: vita kubwa ya inchi nzima iliyoanza tarehe 2-8-1998, majeshi ya inchi jirani, bunduki za bei ndogo, na zahabu ya Mongbwalu ambayo kila mukubwa alitaka kuishika. Kufika mwaka 2003 watu zaidi ya 50.000 walikuwa wamekufa katika Ituri.

Hata wagonjwa hawakuhurumiwa. Tarehe 5-9-2002 wapiganaji waliingia Nyankunde, kwenye hospitali ya makanisa ya Kiprotestanti, wakawatafuta watu kitanda kwa kitanda kufuata kabila lao. Mwezi wa tano 2003 askari wa Uganda walitoka Bunia, na makundi yakapigania nafasi walizoacha. Siku ya posho, tarehe 31, wapiganaji walifika hapa Tchomia. Makumi ya watu waliuawa, hata ndani ya hospitali. Ndiyo ile tarehe.

2. Sisi tulikuwa hatujazaliwa. Inatuhusu nini?

Ni kweli, hata sisi wa mwaka wa mwisho tulizaliwa nyuma. Lakini mukumbuke mwanzo wa mwaka 2018. Vijiji vya Djugu viliwaka tena tangu mwisho wa 2017, na maelfu ya watu walishuka hapa pembeni ya ziwa kutafuta mitumbwi ya kwenda Sebagoro, ngambo ya Uganda. Wengi wetu tulikuwa ndani, watoto wa shule ya musingi, tumekaa juu ya mizigo, mama anatuambia tusiangalie maji. Mitumbwi mingine haikufika.

Mule ndani ya mutumbwi wakubwa walikuwa wanasema: "Ni 2003 inarudia." Ndiyo mara ya kwanza wengi wetu tulisikia ule mwaka. Hakuna aliyetufasiria. Tulipokea hofu tu, na pamoja na hofu tulipokea jina la yule tunayepaswa kuchukia. Mutoto asiyefasiriwa anajifasiria mwenyewe, tena vibaya.

3. Ile biki nyekundu ilisema uongo?

Hapana. Tuangalie juma moja tu la mwezi wa pili 2003.

Tarehe 24-2-2003 wapiganaji walishambulia Bogoro, pale barabara yetu inapopanda kwenda Bunia. Askari wa UPC walikuwa na kambi kwenye shule, na wakaaji wengi walikimbilia mule. Shule haikuwaokoa. Juma lile lile, upande mungine wa Bunia, askari wa UPC waliwaita watu wa kule kwa mukutano wa kutafuta amani, kisha wakawakamata wale waliokuja. Kazi ile wenyewe waliiita "shika na mukono". Kule Kobu, katika shamba la ndizi, waliuawa watu 49 au zaidi.

Habari hizi si maneno ya sokoni. Zilichunguzwa na Tribinali ya Kimataifa ya La Haye, ile watu wanaita CPI. Juu ya Bogoro, Germain Katanga alihukumiwa mwaka 2014, akapewa miaka 12 ya kifungo. Juu ya Kobu na nafasi zingine, Bosco Ntaganda alihukumiwa mwaka 2019, akapewa miaka 30. Kila mutu hapa anajua kundi gani lilisema linapigania nani. Lakini mama wa Bogoro na mama wa Kobu walikaa chini kwa kilio siku zile zile. Karatasi yetu ilimuandika mumoja, ikamuacha mwenzake. Biki nyekundu ilituonyesha kosa letu.

4. Si vizuri tunyamaze?

Swali hili ni kubwa, na watu wa Bogoro walikwisha kulijibu kwa njia yao. Tarehe 24-3-2017 ile tribinali iliwatambua watu 297 walioumizwa. Iliamuru kila mutu apewe dolari 250 kama alama, na wote pamoja wasaidiwe kwa nyumba, masomo ya watoto, kazi ya kupata chakula, na matunzo ya moyo. Walipoulizwa wanataka nini, hawakutaka sikukuu za ukumbusho wala jiwe la ukumbusho, wala kesi kutangazwa katika redio. Waliogopa kuamsha chuki.

Tuliposoma habari ile tulishangaa, kisha tukawaelewa. Mutu anaweza kutumia kaburi kama jukwaa. Wafu wanahesabiwa ili wenye uhai waongezwe juu yao. Lakini ule mutumbwi wa 2018 ulitufundisha kwamba kunyamaza pia hakukuzuia kitu. Basi neno si kukumbuka ao kusahau. Neno ni kukumbuka kwa namna gani.

Serikali nayo imeweka siku. Kwa sheria ya tarehe 26-12-2022, tarehe 2 ya mwezi wa munane imekuwa siku ya taifa ya kuwakumbuka Wakongomani waliouawa juu ya mali ya inchi yetu. Watu wanaiita Genocost. Ile siku haiulizi mufu alitoka upande gani. Tutakuwa katika likizo kubwa, kila mutu kwao. Hapo ndipo kila mumoja ana kazi.

5. Basi karatasi itarudi namna gani?

Kwanza, kichwa kinageuka. Tutaandika: "Wale tuliopoteza katika Ituri". Tarehe 31 inabaki siku yetu ya kusimama kimya, lakini mulango uko wazi kwa tarehe zote na vijiji vyote.

Pili, tutaandika jina, kijiji na kazi ya mutu: muvuvi, muuguzi, muuza makayabo, mwanafunzi wa darasa la pili. Hatutaandika kabila, wala jina la aliyeua. Kuhukumu kuna nafasi yake, na si mulango wa darasa.

Tatu, katika likizo muwaulize wazee majina ambayo hatujui. Muulize kwa heshima, jioni, kazi ikiisha. Muzee akianza kulia, muache, usimulazimishe. Asiyejua jina aandike tu "mutoto", na kijiji chake.

Katika kitabu cha Yoshua, watu wa Israeli walipovuka Yordani walitoa mawe katika muto, jiwe moja kwa kila kabila, ili watoto wao wakiuliza wapate jibu. Tuangalie vizuri: mawe yalikuwa kumi na mawili, lakini yalirundikwa nafasi moja.

Kwa yule wa biki nyekundu: hatukutafuti, na tumekataza wengine wasikutafute. Sisi makapita tulikosa kwa kutoa karatasi juu ya woga, na tunaomba musamaha kwa wote walioandika. Majina yao tumeyaandika upya, hakuna lililopotea. Karatasi mupya itakuwa kwenye mulango kesho asubuhi, nyuma ya maombi, na biki imefungwa kwa kamba. Musitari wa kwanza tumeuacha mutupu. Ni wako.

Makapita wa shule