Mwenyekiti, Daftari na Zamu za Usiku

Wizi ukitokea usiku mjini Babati, wa kwanza kugongewa mlango ni mwenyekiti wa mtaa. Ndiye aliyechaguliwa Novemba 2024 na ndiye jirani. Lakini hana askari hata mmoja wa kumwamuru. Jeshi la Polisi lina Inspekta Jenerali (IGP) wake, na kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya inaongozwa na mkuu wa wilaya, mteule wa Rais. Ibara ya 146 ya Katiba ya Tanzania inazitaka serikali za mitaa zihakikishe sheria inatekelezwa na wananchi wanalindwa. Kwa nyenzo zipi, mwenyekiti atajua mwenyewe.

Polisi jamii, mpango uliovaliwa njuga na IGP wa wakati huo, Said Mwema, tangu 2006, ulikusudiwa kuziba pengo hilo: vijana walinde kwa zamu, wakazi wachangie, polisi kata, yaani askari aliyepangiwa kata, awaelekeze. Mkutanoni kila mkono hunyooshwa. Kisha daftari la michango huanza kupita. Mwenye duka hulipa, maana ana cha kuibiwa. Mpangaji husema aulizwe mwenye nyumba, na mwenye nyumba yuko Arusha. Mwingine atalipa mwisho wa mwezi. Ukifika geti limefungwa, taa inawaka ndani. Na huu ni mji wa njia panda ya Arusha, Dodoma na Singida: wapangaji huhama kabla majina yao hayajaandikwa. Posho zikikosekana, zamu zinakufa kimyakimya.

Kuwabana? Anaowadai ndio wapiga kura wake. Sungusungu, walinzi wa jadi wa Usukumani, miaka ya 1980 waliweza kubana, kwa faini na kumtenga mkaidi, ila viboko na vifo vilifuata. Sitamani turudi huko. Kumpa mchaguliwa madaraka? Uingereza na Wales walianza mwaka 2012 kuchagua makamishna wa polisi wenye bajeti na uwezo wa kumwondoa mkuu wa polisi, na waliojitokeza kupiga kura walikuwa kama asilimia 15. Hao walikuwa na madaraka bila wapiga kura wengi; mwenyekiti wetu tunamfahamu mpaka watoto wake, ila ana mikono mitupu.

Linalomvunjia heshima zaidi ni dhamana. Vijana wamemkamata mtu usiku, wamemfikisha kituoni, na saa nne asubuhi yuko sokoni. Dhamana ni haki yake, lakini anayeulizwa ni mwenyekiti, naye hana jibu. Mimi ningeanzia hapo: polisi kata asimame kwenye mkutano wa mtaa, mbele ya vijana waliokamata, aeleze kila jalada limefikia wapi.