Gari la heshima, mafuta ya elfu kumi

Jioni moja, sheli ya Kimara, Harrier nyeusi namba E iliingia mbele yangu. Kioo kikashuka nusu, mkono ukatoka na noti moja. "Weka ya elfu kumi." Mhudumu hakushangaa. Zikaingia lita tatu na kidogo, gari likarudi kwenye foleni.

Dar es Salaam gari hukutangulia kusalimia. Mlinzi anafungua geti bila kuuliza unakwenda kwa nani. Ukweni wanatoka nje kukupokea. Vitz na Passo zimebatizwa baby walker, na wenye nazo hujitetea kabla hawajaulizwa. Hata herufi ya namba husomwa: A ni mkweche, E ni mtu aliyejipata. Mambo haya hayakuanza jana. Uhuru ulikuwa bado mbichi wakubwa wapya walipoanza kuitwa Wabenzi.

Sibezi gari. Aliyewahi kumkimbiza mtoto hospitali usiku wa manane anajua thamani yake. Kinachoniuma ni familia kubanwa ili baba atazamwe barabarani.

Wengi hupiga hesabu ya bei ya Japani na kuisahau bandari. Kuna ushuru wa forodha 25%, kuna VAT 18%, na gari likishatimiza miaka 10 linaongezewa 30% ya uchakavu. Hayo angalau hulipwa mara moja. Mafuta ni ya kila siku. Chukua mtu wa Mbezi anayefanya kazi Posta, kilomita 50 kwenda na kurudi, gari linalokula lita moja kwa kilomita 8 kwenye foleni. Kwa siku 22 za kazi na petroli ya shilingi 3,000, ni 412,500 kwa mwezi. Hapo hujaweka bima, ambayo hata ile ndogo ni 118,000 kwa mwaka, wala hujamwaga oili. Na njia zetu za mitaani zikishamaliza shokapu, unakwenda Gerezani, fundi anakuuliza: "Orijino au Mchina?" Unajikuta unataja Mchina kwa sauti ya chini.

Jirani yangu gari lake liko uani chini ya turubai tangu Pasaka. Kazini anakwenda na mwendokasi. Kila Jumamosi asubuhi analifunua, analifuta vumbi, anawasha injini dakika kumi, anazima, analifunika tena. Mkopo wake bado unakatwa kwenye mshahara, na muhula uliopita mwanawe alirudishwa nyumbani kwa ada.

Wewe unayejipanga kuagiza mwaka huu, fanya jambo moja kabla ya kutuma fedha. Kwa miezi mitatu, weka pembeni pesa ya mafuta, bima na fundi kana kwamba gari limeshafika. Ikikushinda, usiagize bado.